Apoline na Misuli Isiyoonekana

Siku za kuvuna maharage pale kijijini Heru Juu, Apoline husikika kabla hajaonekana. Sauti yake hutangulia, ikimwelekeza mtu namna ya kufunga gunia, namna ya kupanga mzigo kwenye baiskeli, namna ya kushika mpini wa jembe, na ukikaa vibaya karibu naye, namna ya kutembea. Mumewe Reverien, mtu mpole mwenye masharubu ya kijivu, alishazoea kunyang'anywa kazi mikononi. Akianza kufunga gunia, Apoline atatazama mara moja tu, kisha aseme, "Leta hapa." Akitandika turubai la kuanikia muhogo, "Leta hapa." Watoto wao saba walikua wakidhani hilo ndilo jina la ukoo upande wa mama.

Wazazi wa Apoline walivuka mpaka kutoka Burundi wakiwa na sufuria moja na mbuzi mmoja, na yeye akazaliwa hapa mwaka uliofuata. Labda ndiyo maana alikua akiamini kwamba kitu usichokibeba mwenyewe kitapotea njiani. Alibeba maji, alibeba kuni, alibeba muhogo kutoka bondeni, na mara nyingi alibeba hivyo vyote akiwa na mimba. Divine, kitinda mimba wake, alizaliwa akiwa na kilo nne na robo. Siku ya tisa Apoline alikuwa shambani. Siku ya kumi alikuwa anamwonyesha Reverien makosa yaliyofanyika shambani katika hizo siku nane.

Mambo yalianza polepole, Divine alipokuwa na miaka sita hivi. Jioni, baada ya kutwa nzima ya kusimama na kubeba, Apoline alihisi kitu kizito kikishuka huko chini, kama amekalia limau. Asubuhi limau halipo. Akajiambia kwamba ugonjwa unaoondoka wenyewe asubuhi si ugonjwa, ni uchovu tu wenye tabia mbaya. Kisha ukaja mkojo. Akikohoa, kidogo. Akipiga chafya, zaidi kidogo. Akicheka, basi tena.

Kwa hiyo akaacha kucheka.

Halikuwa jambo dogo, maana kicheko cha Apoline kilikuwa kinajulikana hadi barabara ya Kasulu. Sasa akichekeshwa alifumba midomo, akatikisa kichwa mara mbili kama mkaguzi wa shule, akaondoka. Watu wakasema amepata maringo tangu mwanawe mkubwa, Nsabimana, anunue pikipiki. Lililoumiza zaidi lilikuwa kwaya. Katika kwaya ya akina mama Apoline ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo, na kwenye kiitikio ndiye aliyeruka juu kuliko wote. Alianza kwa kuacha kuruka, akisema ni mguu. Halafu akaacha kuja, akisema ni wakati wa kuwapa nafasi wengine. Mwalimu wa kwaya, Mpawenimana, alimfuata nyumbani mara tatu. Mara ya tatu alimkuta kabeba ndoo ya maji kichwani, anapandisha mlima bila kushika.

"Mama Nsabi," alisema Mpawenimana, "huo mguu unaouma ni upi?"

"Huu," alisema Apoline, akaonyesha wa kushoto.

"Wiki jana ulisema wa kulia."

"Umehama."

Mtu pekee aliyeambiwa ukweli, tena nusu yake, alikuwa jirani yake Niyitegeka, mjane aliyejua mizizi na majani ya kila ugonjwa. Niyitegeka alimchemshia mizizi fulani, anywe vikombe viwili kwa siku. Dawa ilifanya kazi moja tu: ilimwongezea mkojo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka minne, mpaka siku alipomsindikiza mkwewe Ange, mke wa Nsabimana, kliniki ya wajawazito mjini Kasulu. Kila shimo la barabarani bodaboda ililoliruka, Apoline alilihesabu. Walipofika, Ange akakaa kwenye foleni, na Apoline akatoka kutafuta choo kwa mara ya tatu asubuhi hiyo. Mwisho wa korido akafungua mlango ambao haukuwa wa choo.

Ndani wanawake sita walikuwa wamelala chali juu ya mikeka, magoti wameyakunja, macho wameyakaza darini. Hakuna aliyesema neno. Hakuna aliyetikisika. Pembeni alisimama binti mwembamba mwenye ushungi mweupe na sare ya bluu, anatazama saa yake.

Apoline alijua adabu ya mahali penye huzuni. Akainamisha kichwa. "Poleni sana," alisema taratibu. "Ni nani?"

"Nani nini, mama?" aliuliza binti.

"Aliyefariki."

"Hajafa mtu. Haya ni mazoezi."

Apoline akawatazama tena wale wanawake, mmoja baada ya mwingine, kama anayekagua maharage ya kununua. "Mazoezi gani? Mbona hawafanyi kitu?"

Mama mmoja mnene aliyekuwa amelala karibu na mlango, mkimbizi kutoka kambi ya Nyarugusu, aligeuza kichwa taratibu. "Tuko tunatumika sana, maman," alisema kwa Kiswahili chao cha Kongo, ambako kutumika ni kufanya kazi. "Ni weye tu hauone."

"Ni misuli ya ndani," alisema yule binti. "Chukulia uko kanisani, mama. Mchungaji amesema tuombe kimya. Na wewe jana ulikula maharage, na tumbo limejaa hewa. Unafanyaje?"

Apoline alitaka kujibu kwa heshima. Lakini picha ilimjia kamili, mchungaji na ukimya na yote, na wale wanawake sita wakaanza kutetemeka kwa kicheko pale chini, na kicheko alichokifungia kwa miaka minne kikamtoka chote kwa pamoja. Alishika fremu ya mlango. Alicheka hadi Ange akamsikia kule kwenye foleni. Na alipokuja kukumbuka, alikuwa ameshachelewa, kitenge kimeshalowa.

Akanyamaza ghafla. Hakujua aangalie wapi. Yule binti alichukua kitenge safi kilichokuwa kwenye kiti, akakikunja, akampa mkononi kama mtu anayempa mgeni kikombe cha chai.

"Choo ni mlango unaofuata," alisema kwa sauti ya chini. "Ukimaliza urudi hapa, mama."

Apoline hakukusudia kurudi. Kule chooni alishapanga amchukue Ange waondoke, na asikanyage tena jengo lile mpaka siku ya kufa, na hata siku hiyo wampeleke kwingine. Lakini alikuwa amevaa kitenge cha hospitali, na yeye si mwizi. Akarudi.

Binti aliitwa Tunu, mzaliwa wa Ujiji, mtaalamu wa tiba ya mazoezi. Alimkalisha nyuma ya pazia, akafungua daftari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Umezaa mara ngapi?"

"Saba. Na wewe?"

Tunu akainua macho. "Mimi bado."

"Umeolewa?"

"Bado, mama."

Apoline akakunja mikono kifuani. "Sasa, mwanangu, hayo mambo utanifundisha nini?"

"Aliyenifundisha mimi chuoni alikuwa mwanaume," alisema Tunu, akiandika. "Mimi angalau hivyo vitu ninavyo."

Hapo Apoline alimpenda, ingawa hakumwambia. Akaeleza yote: limau, chafya, kwaya, mguu unaohama. Hajawahi kuyasema kwa mpangilio namna ile, na alipoyasikia yakimtoka mdomoni alishangaa yalivyo mengi. Alichokuwa anakiogopa alikisema mwisho, akitazama pazia: kwamba siku moja vya ndani vyote vitadondoka, labda sokoni.

"Havidondoki," alisema Tunu. Akashika kitambaa cha mezani kwa ncha zake, akakivuta kikakaza. "Chini ya nyonga una misuli imetandazwa hivi, toka mfupa wa mbele mpaka wa mkia. Kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa vinakaa juu yake. Ukizaa, ukibeba mizigo mizito miaka na miaka, ukijikamua kwa choo kigumu, misuli inalegea." Akalegeza kitambaa kikabonyea katikati. "Basi vinateremka. Wanawake wengi sana wana tatizo hili. Ila hawasemi."

"Hata mimi sikusema."

"Ndiyo hivyo."

Akamwomba ruhusa ya kumpima, akamweleza kila hatua kabla ya kuifanya, akavaa glavu. Kisha akasema, "Kaza, mama. Kama unazuia mkojo na ile hewa ya kanisani kwa pamoja."

Apoline alikaza. Alikaza mapaja, alikaza makalio, alikaza ngumi, alikaza meno. Kitanda kililia.

"Mama," alisema Tunu, "umekaza kila kitu isipokuwa nilichokuomba. Na upumue."

"Si umesema nikaze?"

"Ukaze huku unapumua."

"Vyote viwili?"

Mara ya pili alipumua akasahau kukaza. Mara ya tatu kitu kidogo kikajikunja huko ndani, kidogo sana, kama mtu anayekonyeza jicho.

"Hiyo hapo!" alisema Tunu.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Imedumu sekunde mbili."

Kizazi kimeshuka, alielezwa, lakini hakijatoka nje. Ni hatua ya pili katika nne, na kwa hatua hiyo mazoezi huanza kwanza kabla ya mtu kufikiria upasuaji. Apoline alisikia yote hayo kwa mbali. Sekunde mbili ndizo zilizomchoma. Mwanamke anayepandisha madebe mawili kutoka bondeni bila kupumzika, sekunde mbili! Kama hiyo misuli ingekuwa mikononi mwa mtu mwingine, angemwambia "Leta hapa" palepale.

Alipewa kazi. Mara tatu kila siku: kukaza taratibu mara kumi akishikilia kadiri awezavyo, kisha kukaza na kuachia harakaharaka mara kumi. Kabla ya kukohoa au kupiga chafya, akaze kwanza. Mchana alale robo saa na mto chini ya kiuno. Maji na mboga za majani, choo kiwe laini. Ndivyo kwa wiki kumi na mbili kwa uchache, na arudi kila baada ya wiki tatu.

"Na usibebe kitu kizito."

"Kizito kama nini?"

"Kuzidi ndoo ndogo."

Apoline akacheka kidogo, akikaza kwanza, kwa kuwa alikuwa mwanafunzi mwepesi. Halafu akaona kwamba Tunu hacheki. "Nani sasa atabeba?"

"Baba si yupo?"

"Reverien?" Alilitamka jina hilo kama ameambiwa amwachie mbuzi funguo za ghala. "Hajui kufunga gunia."

"Atajifunza."

"Mwanangu, nimekaa naye miaka thelathini na moja."

Siku mbili alizunguka na maneno hayo tumboni. Siku ya tatu alasiri, wakiwa wamekaa uani wanapukuchua maharage, alimwambia Reverien, huku macho yake yakiwa kwenye ungo. Alimweleza kwa Kiha, lugha ya nyumbani, ambayo haikumpa mahali pa kujificha kama Kiswahili cha hospitali. Reverien aliacha kupukuchua.

"Miaka minne?" aliuliza.

"Minne."

"Na kule kunipa mgongo kitandani?"

"Ndiyo hilo. Niliogopa utakiona."

Kuku alipita, akala maharage matatu, hakuna aliyemfukuza. "Mimi nilidhani umenichoka," alisema Reverien.

"Nimekuchoka pia. Lakini si kwa sababu hiyo."

Masharubu ya Reverien yakacheza. Akainuka, akaenda kwenye gunia la muhogo lililokuwa mlangoni, akalifunga. Fundo lilikuwa baya. Lilikuwa fundo ambalo Apoline angelikana hata mbele ya mahakama. Alifungua mdomo, akaufumba. Reverien akapakia gunia kwenye baiskeli na kulipeleka barabarani, na Apoline akalitazama likiyumba njia nzima, moyo ukimwenda mbio. Halikuanguka. Tuseme ukweli, jambo hilo lilimkera kidogo.

Mazoezi yenyewe aliyafanya kama alivyofanya kila kitu, yaani kwa fujo. Alikaza akikoroga ugali, alikaza akisubiri bodaboda, alikaza kwenye msiba. Zaidi ya yote alikaza kanisani wakati wa matangazo, maana matangazo ya pale hayajawahi kupungua robo saa. Tatizo ni kwamba hakuwahi kuambiwa uso wake unavyokuwa. Alipokaza, nyusi zilipanda hadi kwenye kilemba, macho yakatoka, na midomo ikajikunja kama anayetaka kupiga mluzi. Mchungaji, akiwa madhabahuni anatangaza zamu za kufagia, alimwona mama huyo aliyekuwa baridi kwa miaka minne akitetemeka hivyo, akaamini kwamba Roho amemshukia. Jumapili iliyofuata alimwita mbele atoe ushuhuda.

Apoline alisimama, akatazama waumini. "Namshukuru Mungu," alisema, "ninaendelea kupata nguvu mpya." Akakaa. Watu wakapiga makofi. Hakuwa amesema uongo hata neno moja.

Tunu aliposimuliwa aliweka kalamu chini akajifuta machozi. "Uso hauna kazi hapa, mama. Mwambie mtu wa nyumbani akutazame." Basi Reverien akapata kazi ya mlinzi wa nyusi. Wakila, wakipalilia, wakiwa na wageni, alisikika akisema polepole, "Zimepanda." Wageni hawakuelewa. Baada ya miaka thelathini na moja ya kuelekezwa, Reverien aliifanya kazi hiyo kwa furaha iliyozidi kidogo kiwango, na Apoline aliliona hilo, akaliweka moyoni kwa ajili ya siku nyingine.

Wiki ya tano limau likawa halijitokezi ila jioni za siku ngumu. Wiki ya sita lilikuwa halipo kabisa. Hapo ndipo Apoline alipojiharibia.

Ilikuwa alasiri, maharage yameanikwa uani na mengine yameshatiwa kwenye magunia, nusu nusu. Reverien alikuwa mjini. Wingu likaja kutoka upande wa Burundi, jeusi, lina haraka. Niyitegeka alikuwa amesimama uani.

"Ngoja nikaite vijana barabarani," alisema Niyitegeka.

"Watachelewa."

"Si wako hapo tu?"

Lakini Apoline alikuwa ameshainama. Aliinua gunia la kwanza. La pili. La tatu alilibeba kwa hasira, kwa kuwa huko chini kulikuwa kumeshaanza kuvuta na yeye hakutaka kuambiwa na kitu asichokiona. Alipoingiza la nne, wingu likageuka likaenda kunyesha Rungwe Mpya. Uani pale halikudondoka tone. Jioni hiyo limau lilirudi, na safari hii lilikuja na mwenzake.

Alipokwenda tena kwa Tunu alikuwa amejiandaa asiseme kitu.

"Umebeba nini, mama?" aliuliza Tunu baada ya kumpima.

"Sijabeba."

"Mama."

"Maharage."

"Kiasi gani?"

"Kidogo. Unajua mvua ilikuwa inakuja..."

"Ikanyesha?"

"Hapana."

"Ingenyesha, ingekuwaje?"

"Yangelowa."

"Yakilowa?"

Apoline akavuta ncha ya kitenge. "Tungeyaanika tena."

Tunu hakumgombeza. Afadhali angemgombeza, maana ugomvi Apoline aliuweza. Badala yake binti alifunga daftari akamsogelea, na hapo Apoline akaanza kulia, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku mkojo ulipomtoka mlangoni. "Nisipobeba," alisema, "pale nyumbani mimi ni nani? Mama yangu alibeba. Mimi toka nina miaka mitano nabeba. Nikikaa naona kila mtu ananitazama."

"Wanakutazama kweli?"

Apoline alifikiri. Kwa haki, hakuna aliyekuwa akimtazama. Ange alikuwa na tumbo lake, watoto walikuwa na simu zao, na Reverien alikuwa anatazama nyusi.

"Hapana," alisema.

Siku hiyo Tunu hakumlaza kwenye mkeka. Alileta ndoo yenye maji nusu, akamfundisha kuinua upya kama mtoto: miguu ipanuke, magoti yakunjwe, ndoo iwe karibu na mwili, akaze kwanza, kisha apumue nje wakati wa kuinua. Asibane pumzi hata kidogo. Apoline aliinua ile ndoo mara ishirini. Kusema kweli hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anaweza kumfundisha kuinua ndoo, tena binti wa Ujiji, mtu wa kandokando ya ziwa.

Alianza tena. Wiki kumi na mbili zikawa kumi na nane. Reverien alifunga magunia yote ya msimu, na mafundo yake hayakuwahi kuwa mazuri, lakini yalifika sokoni. Wakati wa kipimo cha mwisho Tunu alihesabu kwa sauti, akafika sekunde tisa. Mara kumi mfululizo. Kizazi kilikuwa kimepanda kutoka hatua ya pili hadi ya kwanza.

"Hakitarudi kama ulipokuwa msichana," Tunu alimwambia ukweli. "Na ukiacha mazoezi, kitashuka tena."

"Usichana wenyewe siutaki," alisema Apoline. "Nilikuwa mjinga sana."

Mpawenimana alipopita nyumbani mara ya nne, hakuuliza mguu upi. Kwaya ilialikwa Kibondo, kwenye mkutano wa kwaya za akina mama, na Apoline alikuwa ameshashona sare. Wakati wao ulipofika alianzisha wimbo, na sauti ikatoka kama kitu kilichokuwa kimefungiwa kwenye chumba chenye joto. Kwenye kiitikio wenzake walimtazama. Apoline alikaza, akapumua, akaruka. Haukuwa mruko wa juu kama wa zamani. Ulikuwa mruko wa mama wa miaka hamsini na mbili aliyefikiri kwanza. Akatua mkavu. Akaruka tena, na safari hii akasahau kufikiri, na bado akatua mkavu. Wenyeji wa Kibondo walishangilia wakidhani ni wimbo uliomfurahisha namna ile.

Baada ya chakula, nyuma ya kanisa, wanawake walikuwa wanaosha masufuria. Mwimbaji mmoja wa kwaya ya wenyeji akamsogelea, akamuuliza chinichini anawezaje kuruka hivyo kwa umri huo. "Mimi nikiruka," alisema, na hakumalizia. Alitazama tu sketi yake.

Apoline angeweza kumjibu sikioni. Lakini sauti yake hajawahi kuifundisha kunong'ona. "Kizazi kilishuka!" alisema. "Nikatibiwa kwa mazoezi!"

Masufuria yakanyamaza. Mwanamke mmoja akacheka kwa aibu. Mwingine akasema hata yeye. Kisha mwingine, mke wa mchungaji wa pale Kibondo, akasema hata yeye, na hapo wote wakawa huru. Kengele ya kipindi cha mchana ilipolia, hakuna aliyeinuka. Mpawenimana alikuja kuwaita akakuta wanawake kumi na tisa wamekaa kwenye mikeka, wameegemea ukuta, wanatazama mbele bila kupepesa, na Apoline anapita mbele yao mikono nyuma. "Wewe, nyusi," alikuwa anasema. "Na wewe pumua. Tena hii nawaonyesha tu; kila mtu akapimwe kwanza na wataalamu." Mwalimu wa kwaya alirudi nyuma taratibu, akaenda kuwaambia wenyeji kwamba akina mama wana kikao.

Niyitegeka hakuwa na habari ya Kibondo mpaka Apoline aliporudi akamsimulia. Alisikiliza hadi mwisho, mikono imetulia mapajani. Kisha yule mganga wa kijiji, aliyemchemshia kila mtu mizizi, alisema kwamba chake kimetoka nje kabisa, huu mwaka wa tisa. Anakirudisha kwa mkono kila asubuhi. Kesho yake walipanda bodaboda mbili kwenda Kasulu.

Kwa Niyitegeka mazoezi peke yake yasingetosha, na Tunu alisema hivyo waziwazi. Akampeleka kwa daktari wa wanawake, ambaye alimpima, akamwekea pete laini ya mpira ya kushikilia kizazi ndani, akampa na tarehe ya kurudi kuangaliwa. Mazoezi yataongezwa polepole. Upasuaji upo, alielezwa, pete ikishindwa.

Alitoka akitembea kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Apoline alikuwa amenunua hindi la kuchoma, amekaa kwenye benchi la nje. Niyitegeka akajishusha polepole kando yake.

"Nimekaa," alisema.

"Naona umekaa."

"Hapana, Mama Nsabi. Nimekaa kabisa. Miaka tisa nakalia upande mmoja."

Apoline alimtazama. Kweli alikuwa amekaa wima, makalio yote mawili kwenye mbao, mgongo umenyooka kama bibi harusi anayepigwa picha. Akavunja hindi katikati, akampa kipande kikubwa.